Kabla ya Tindikali, Tupime Bikaboneti

Mabishano ya kama maji ya Ziwa Victoria yanafaa kwa mboga za bila udongo yamenichosha. Nimeyafuatilia kwa muda, na makala kadhaa za toleo hili la jarida letu zimeyaendeleza. Upande mmoja unachota maji alasiri kwenye Ghuba ya Mwanza, unatumbukiza kipimo, unaona namba inayokaribia 9, kisha unatangaza kwamba ziwa ni kali mno kwa saladi na chainizi. Upande wa pili unajibu kwamba mbona fulani pale Busisi, ng'ambo ya ghuba, anavuna. Wote wameshika pH kama ushahidi wa mwisho, na pH peke yake haijibu swali lililoulizwa.

Swali la mkulima ni hili: nitie tindikali kiasi gani ili mchanganyiko wangu ukae kati ya 5.5 na 6.5, na ubaki hapo? Jibu linategemea bikaboneti iliyomo kwenye maji. Hiyo ndiyo inayoipinga tindikali. Maji ya vyanzo viwili yanaweza kusoma pH 8 kwa pamoja, ya kimoja yakashuka kwa matone machache na ya kingine yakanywa nusu chupa bila kutikisika.

Tuweke namba mezani. Tangu J.F. Talling na I.B. Talling walipochapisha mwaka 1965 uchambuzi wao wa maziwa ya Afrika, inajulikana kwamba maji ya Victoria ni mepesi: bikaboneti yake iko karibu na milikwivalenti 1 kwa lita. Kushusha lita 1,000 za maji ya namna hiyo hadi pH 5.8 kunahitaji takriban mililita 50 za asidi ya fosforasi ya asilimia 85. Sasa chukua maji ya kisima kilichochimbwa kwenye mawe ya matumbawe, kama vilivyo visima vya Unguja na mwambao, na tuseme yana milikwivalenti 6. Tangi lilelile litadai takriban mililita 300. Na fosforasi haiendi popote, inabaki majini. Kwa maji ya ziwa umeongeza karibu miligramu 23 kwa lita, ambayo ni sehemu kubwa ya mahitaji ya mboga za majani na unapaswa kuipunguza kwenye mbolea yako. Kwa maji ya kisima umepita miligramu 130, mara tatu ya kinachotakiwa, hata kabla hujafungua mfuko wa mbolea. Huyo wa kisima anahitaji asidi ya nitriki, au maji ya mvua ya kuchanganyia. Ushauri wa "shusha pH" unaotolewa sawasawa kwa wote wawili unamwumiza mmoja wao, na sioni kwa nini tuendelee kuuchapisha.

Hiyo 9 ya alasiri nayo ina maelezo yake. Mwani wa ghubani unafyonza kaboni dayoksaidi mchana kutwa, na maji yenye bikaboneti kidogo hayana cha kuzuia pH isipande. Yachote, yaweke kwenye tangi lililofunikwa lisipate mwanga, yakoroge au yapulizie hewa usiku, na asubuhi utayakuta yakielekea 8 bila tone la tindikali. Ndiyo maana namba isiyotajiwa saa ya kuchota haina thamani kwangu. Mwandishi anayeniambia ziwa lina pH 9 bila kusema ni saa tisa alasiri au alfajiri hajaniambia kitu.

Wepesi huo wa maji, unaomwokolea mkulima fedha za tindikali, una gharama yake, na hapa ndipo watetezi wa ziwa wanaponyamaza. Maji yasiyo na bikaboneti ya kutosha hayatulii. Mmea unaokula naitreti unasukuma pH juu, na ukiulisha amonia unaivuta chini. Kwenye tangi dogo lenye mizizi mingi, mabadiliko hayo yanakuja haraka. Anayetumia maji ya ziwa apime kila asubuhi, na aweke sehemu ndogo tu ya naitrojeni kama amonia, ya kutuliza kupanda kwa pH. Akizidisha, pH itashuka chini ya 5 na mizizi itaanza kuathirika. Wanaotumia ndimu au siki nao waelewe kwamba bakteria wanazila tindikali hizo, na baada ya siku chache pH inarudi ilikotoka.

Upande wa Busisi nimeoneshwa pipa la buluu lililokatwa, lina sukuma wiki juu na bomba la pampu ndogo pembeni. Majani machanga yalikuwa ya njano, mishipa ikibaki kijani. Chini ya pipa palikuwa na vumbi la rangi ya kutu, laini, linaloinuka ukitia mkono. Lile vumbi ndilo lililokuwa chuma cha mbolea. Mkulima alikuwa ameongeza mbolea ya chuma mara kwa mara, nayo ilikuwa ikitua chini pamoja na ile ya awali, kwa sababu chuma cha EDTA, yaani kilichoshikwa na kiungo hicho ili kisituame, kinaanza kuachiwa pH ikipita takriban 6.5. Cha DTPA kinavumilia hadi karibu 7.5, na cha EDDHA kinakwenda juu zaidi. Fedha yake ilikuwa imelala kwenye sakafu ya pipa. Kabla ya kununua chuma kingine alihitaji kushusha pH na kuilinda.

Kuungua kwa ncha za saladi nako pH imesingiziwa bila haki. Maji ya Victoria yana kalisi kidogo mno, kiasi cha miligramu 5 kwa lita hivi, ilhali mchanganyiko wa saladi kwa kawaida unataka zaidi ya 100. Asiyetia kalisi naitreti ya kutosha ataona ncha zikiungua hata pH yake ikiwa 5.8 kamili.

Makala nyingine za toleo hili zinajitosheleza. Ile ya kukuza mboga kwenye luseni, mchanga wa Usukuma, uliooshwa isomwe na kila asiye na umeme wa uhakika. Ile ya sumu za mwani inakumbusha kwamba maikrosistini zimekwishapatikana kwenye maji ya Ghuba ya Mwanza, na kwamba kurekebisha pH hakuziondoi. Ya malisho ya shayiri ni fupi na inafaa wafugaji. Ile ya biashara inaeleza mboga zinavyovuka ghuba tangu Daraja la J.P. Magufuli, kati ya Kigongo na Busisi, lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Kilomita 3 ambazo zamani zilisubiriwa kwenye foleni ya kivuko, majani yakinyauka, sasa zinavukwa kwa dakika chache, na ndiyo sababu wengi upande wa Sengerema wameanza kutazama saladi kama biashara.

Ndiyo sababu pia nasisitiza. Watu hawa wanaweka akiba zao kwenye mapipa na pampu. Wanastahili ushauri uliopimwa.

Kuanzia toleo lijalo, makala itakayotaja pH ya maji bila bikaboneti yake, mahali na saa ya kuchota, itarudishwa kwa mwandishi. Bikaboneti inapimwa na Maabara ya Ubora wa Maji ya Mwanza, na vipo pia vifaa vya matone wanavyotumia wafugaji wa samaki. Tunataka kuchapisha jedwali la vyanzo vya kanda yote: ziwa, visima na mabomba, alfajiri na alasiri, masika na kiangazi. Tunaanza na Busisi na Kigongo, kisha Ukerewe na Magu. Wenye vipimo watuandikie.