Lantana: Ua la Bustani, Kivuli cha Mbung'o

Lantana ni kichaka chenye maua madogo yaliyoshikamana, ambayo huchanua yakiwa ya manjano na kugeuka kuwa ya waridi au mekundu kadiri yanavyokomaa. Kwa uzuri huo ilitolewa Amerika ya kitropiki na kupandwa katika bustani za Ulaya, Asia na hatimaye Afrika. Haikukaa bustanini. Ndege hula matunda yake meusi na kudondosha mbegu popote, mashina yaliyokatwa huchipua upya, na leo imetanda kando ya barabara, katika mashamba yaliyotelekezwa na pembezoni mwa misitu, ile ya Usambara ikiwamo. Wanamazingira wameilalamikia kwa muda mrefu. Wataalamu wa afya wamenyamaza, kana kwamba mmea haumhusu tabibu mpaka umezwe.

Ushahidi unaopinga kimya hicho uko jirani. Mnamo 1976, mlipuko mkubwa wa malale ulianza Busoga, kusini-mashariki mwa Uganda. Uchumi ulikuwa umeporomoka chini ya utawala wa Idi Amin, mashamba ya kahawa na pamba yakaachwa, na lantana ikayafunika. Mbung'o wa eneo hilo kwa desturi huishi kandokando ya mito na ziwa. Jike lake halitagi mayai. Huzaa buu mmoja kwa wakati, akamwacha kwenye udongo wenye kivuli, ambamo buu hujifukia na kuwa bundo. Lantana ilileta kivuli hicho hadi nyuma ya nyumba na karibu na mazizi, mahali wanapolala ng'ombe wanaobeba vimelea bila kuonekana wagonjwa. Watafiti waliotafuta mapumziko ya mbung'o waliwakuta ndani ya vichaka hivyo. Maelfu ya watu waliugua.

Si haki kuutwisha mmea lawama yote, kwani huduma za kudhibiti mbung'o nazo zilikuwa zimedorora. Tena, mji usio na mbung'o hauwezi kuletewa malale na ua la lantana. Lakini magharibi mwa Tanzania na jirani na hifadhi za wanyama, ambako ugonjwa huo bado upo, kichaka kilicho nyuma ya jiko ni sehemu ya historia ya mgonjwa. Malale ya aina hii huenda kasi na huweza kuua ndani ya miezi michache. Huanza kwa homa na maumivu ya kichwa, na mgonjwa hupewa dawa ya malaria mara ya kwanza, na pengine mara ya pili. Swali la mahali anapolima, anapochunga na anapookota kuni halichukui dakika moja. Mtaalamu wa maabara akielezwa, atavitafuta vimelea vya malale katika tone lilelile la damu alilolichukua kwa ajili ya malaria.

Kuhusu watoto wanaokula matunda mabichi, hofu imezidi kipimo. Kifo kimoja kiliripotiwa Florida katika miaka ya 1960, lakini kumbukumbu za baadaye za California zinaonyesha kuwa wengi hawakupata dalili yoyote au walipata dalili nyepesi tu. Mtoto aangaliwe, mzazi atulizwe. Wanaodhurika zaidi ni ng'ombe: ini huharibika na ngozi huungua juani.

Wenye nyumba wana hoja ya kweli. Lantana huzuia mifugo na haigharimu kitu. Kuifyeka peke yake hakusaidii. Hung'olewa na mizizi yake, kwa urahisi zaidi udongo ukiwa umelowa. Minyaa, inayopandwa na wengi badala yake, ina utomvu unaounguza macho, jambo ambalo kila kliniki ya macho inalijua. Uzio wowote unaopogolewa mpaka jua lifike chini ni afadhali, hata kama hauna maua.