Jifiche ndege, usijifiche askari

Likizo inapobisha hodi, mpenzi msomaji, nyumba nyingi za Thika na Ruiru hujaa vijana ambao hawajui la kufanya isipokuwa kukodolea macho televisheni na simu. Wako wengine, hata hivyo, ambao hupenda kutoka. Hushuka bondeni kwenye mto Chania kutazama ndege, hupanda Kilimambogo pamoja na wenzao wa shule, au huenda Fourteen Falls na kamera ya kuazima. Hao ndio tunaowalenga leo. Kila mmoja wao huuliza swali lile lile: mbona ndege huruka kabla sijamkaribia?

Jibu ni kwamba ndege amekuona zamani. Ameliona shati lako jeupe na kofia yako nyekundu, na zaidi ya yote ameuona mkono wako ukipunga. Dawa yake ni vazi la kujificha, na vazi hilo laweza kushonwa nyumbani kwa gharama ndogo. Lakini kabla hatujagusa sindano, kuna jambo moja ambalo mzazi na mtoto sharti walielewe.

Kuna kijana atakayesema, “Mama, haina haja ya kushona, nitanunua jaketi la kombati kwenye mitumba.” Mzazi, kataa katakata. Kifungu cha 184 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya chasema ni hatia kwa raia kuvaa sare ya majeshi, au vazi lolote lenye sura ya sare hiyo, bila idhini. Nchini Uganda nako, mwezi Septemba 2019, serikali ilichapisha katika gazeti rasmi orodha ya mavazi ya jeshi ambayo raia hana ruhusa kuyavaa, ikiwemo bereti nyekundu. Sisi wa huku tuna sababu ya ziada ya kujihadhari. Thika ina kambi ya wanajeshi wahandisi, Kahawa ina kambi kubwa, na Ruiru ndiko kilipo chuo cha kufunzia askari wa magereza. Kijana mwenye nguo za mabaka hatatembea mbali katika barabara hizi kabla hajaulizwa alikozitoa. Akiulizwa akiwa amejikunyata kichakani, maelezo yake yatakuwa magumu zaidi.

Habari njema ni kwamba mabaka ya jeshi hayahitajiki hata kidogo. Tuone jinsi kujificha kunavyofanya kazi.

Mchoraji mmoja wa Marekani, Abbott Thayer, alieleza katika kitabu cha mwaka 1909 kwamba wanyama wengi wana mgongo mweusi na tumbo jeupe kwa sababu maalum. Jua humulika mgongo, kivuli huangukia tumbo, na rangi hizo mbili husawazisha mwanga hadi mnyama aonekane bapa kama sehemu ya nyasi. Mtazame swala utaelewa. Miaka michache baadaye, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Ufaransa liliunda kikosi cha wachoraji wa kuficha mizinga, mwaka 1915. Kabla ya hapo, wawindaji wa Scotland walikuwa wamekwisha zoea kuvaa majoho ya vitambaa vilivyochanikachanika ili wafanane na kichaka.

Hata hapa kwetu somo hili lina historia, tena chungu. Baada ya hali ya hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, wapiganaji wa Mau Mau walijitosa katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Nguo walizotoka nazo nyumbani ziliraruka kwa miiba na kuoza kwa mvua. Wakajishonea makoti na kofia za ngozi za wanyama, zilizowakinga baridi na pia kuwafanya wafanane na msitu. Dedan Kimathi alipopigwa risasi na kukamatwa alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956, ukingoni mwa msitu karibu na Nyeri, alikuwa amevaa ngozi ya chui. Alinyongwa katika gereza la Kamiti, si mbali na Ruiru, tarehe 18 Februari 1957. Wao walijificha kwa kuwa maisha yao yalitegemea jambo hilo. Sisi twajificha ili tutazame tu. Kwa hivyo ngozi hatuigusi: uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na kuwa na ngozi ya chui bila kibali ni kosa kubwa.

Sasa tuanze kazi.

Kwanza, chagua nguo. Tafuta kwenye mitumba shati la pamba la mikono mirefu na suruali ya pamba, ziwe za rangi moja moja zilizopauka: khaki, kijivu, kahawia au kijani kisichowaka. Usitafute nguo za michoro. Shati na suruali zisifanane rangi, maana mwili ukikatwa rangi mbili kiunoni, umbo la mtu hupotea. Udongo wetu wa Thika ni mwekundu na nyasi zake huwa kahawia wakati wa kiangazi. Basi kahawia yakufaa Januari, na kijani kilichofifia chakufaa baada ya mvua za masika.

Pili, ukiwa na shati jeupe tu, lipake rangi mwenyewe. Chemsha gramu 100 za majani ya chai katika lita 4 za maji kwa nusu saa, chuja, kisha loweka shati lililolowa maji hadi asubuhi. Litatoka kahawia. Ukitaka kijivu, loweka misumari yenye kutu katika siki kwa siku kadhaa, changanya maji hayo kidogo na maji mengi, kisha chovya shati lililokwisha pakwa chai. Tanini iliyo kwenye chai hukutana na chuma na rangi hugeuka nyeusi-nyeusi. Suuza vizuri, maana chuma kikizidi huozesha pamba. Maganda ya mti wa mwati, ambao Wakikuyu huuita muthanduku, yana tanini nyingi zaidi. Tumia sufuria kuukuu ambayo haitarudi jikoni, na uvae glavu. Jihadhari pia usipoteze chai yako kwa nguo za polista, kwani hazishiki rangi hii.

Tatu, vunja umbo. Jicho la mnyama hutambua mabega na kichwa cha binadamu kwa wepesi. Chukua gunia kuukuu la mkonge, ulifumue, na ukate nyuzi zake vipande vya urefu wa kiganja. Vishone kwa mafungu madogo madogo mabegani, mgongoni na kuzunguka ukingo wa kofia ya kitambaa. Usijaze, mafungu 30 hivi yatosha. Sehemu za mbele za mikono na magoti ziache wazi, la sivyo zitanasa kwenye miiba. Ukimaliza, utafanana na mkulima aliyetoka kubeba nyasi za ng'ombe, na hakuna askari atakayedhani umetoroka kambini.

Nne, ficha kinachong'aa. Vifungo vya chuma vibadilishwe viwe vya mbao au vifunikwe kwa kitambaa. Saa iingie mfukoni. Uso na viganja ndivyo huonekana mwanzo, basi shona utaji mwepesi unaoshuka kutoka kwenye kofia, na uvae glavu za pamba.

Tano, fua kwa sabuni ya kipande. Sabuni nyingi za unga zina dawa ya kung'arisha ambayo hufyonza mwanga wa urujuanimno na kuutoa tena kama mwanga wa buluu.  Shati la kahawia lililofuliwa kwa unga wa kung'arisha laweza kung'aa zaidi machoni mwa ndege. Swala na nyati, kwa upande wao, hawatofautishi vyema nyekundu na kijani, lakini harufu yako huipata upesi. Kwa hivyo acha marashi nyumbani na ukae mahali upepo unapokupuliza usoni.

Vazi likiwa tayari, litakusaidia tu ukitulia. Keti chini ya mti, mgongo ukiegemea shina, kaa kimya nusu saa. Mdiria atarudi kwenye tawi lake juu ya maji, yangeyange atashuka kwenye tope, na chozi atakuja kwenye maua hatua chache kutoka ulipo. Wahenga walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Tumalizie na mahali ambapo vazi hili halivaliwi. Kilimambogo, au Ol Donyo Sabuk, ni mbuga ya taifa tangu mwaka 1967, na jina lake lenyewe ni onyo: ni mlima wa nyati. Nyati hapaswi kushtuliwa na mtu aliyejificha. Huko vaa nguo inayoonekana, ongea njiani, na utembee na askari wa wanyamapori. Ukingoni mwa mto Athi pale Fourteen Falls kuna viboko, basi usijilaze kwenye matete. Usiingie katika mashamba ya mananasi wala ya kahawa ya watu: walinzi hawana muda wa kuuliza kama watazama ndege au waiba. Katika mitaa yetu, mtu anayekutwa amejificha nyuma ya ua huitiwa kelele za mwizi kabla ya kuulizwa jina, na nyote mwajua yanayofuata.

Kwa hivyo mzazi, weka sheria tatu. Kijana asiende peke yake. Aombe ruhusa ya mwenye shamba. Na vazi libebwe ndani ya mkoba, livaliwe palepale bondeni na kuvuliwa kabla ya kurudi barabarani kutafuta matatu. Shule nyingi zina chama cha Wildlife Clubs of Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1968. Kwenda pamoja na mwalimu wa chama ni njia salama kuliko zote.

Ndege wasimwone mtoto wako, lakini wewe ujue alipo saa zote.

Juma lijalo, panapo majaliwa, tutashona mkoba wa turubai wa kubebea hayo yote.