Si kila pini ni pasivu

Leo nina neno kwa wanaochora saketi kwa KiCad, ile programu ya bure aliyoianzisha Jean-Pierre Charras mwaka 1992.

Ukiunda alama ya chipu mpya, kila pini unayoongeza inataka jina, namba na aina yake: inapokea ishara, inatoa ishara, inapokea umeme, inatoa umeme, au ni pasivu tu kama mguu wa rezista. Jina na namba watu huandika kwa makini. Kwenye aina wanaweka pasivu kote, ili wakikagua mchoro programu isilalamike. Mimi naona huko ni kumfunga mbwa mdomo usiku.

Chukua ATmega328P ya miguu 28, unataka kupima maji kwenye tangi. Umeme unaingia pini ya 7 na ya 20. Umeziunganisha, waya wake ukauita VCC. Regyuleta yako ya 7805 inatoa volti 5, na waya wake umeuita +5V. Kwa macho kila pini ina waya, mchoro unapendeza. Lakini kwa programu hizo ni nyaya mbili tofauti, na chipu haina umeme! Kama pini hizo umeziandika kuwa za kupokea umeme, kikaguzi kinapiga kelele palepale. Kama ni pasivu, kimya. Utajua bodi zikishafika kutoka Shenzhen, na pesa ulishalipa.

Nakubali, kuna kelele za bure. Betri ikiingia kupitia kiunganishi, programu haijui kwamba pale ndipo umeme unapotoka, hivyo inalalamika. Dawa ni kuweka alama ya PWR_FLAG kwenye waya huo, na nyingine kwenye GND. Dakika moja tu. Kubadilisha pini zote kwa ajili hiyo ni uvivu.

Namba nazo zisome kwenye datashiti ya kipuri ulichonunua hasa. BC547 na 2N3904 zote ni transista za NPN zenye umbo moja, na pale Luthuli Avenue muuzaji akikosa hii anaweza kukupa ile. Upande bapa ukikutazama, miguu chini, kutoka kushoto BC547 ni kolekta, besi, emita. 2N3904 ni emita, besi, kolekta. Hapo kikaguzi hakitakusaidia hata kidogo.