Chai kwa Kilo, Ng'ombe kwa Macho

Mkulima wa Katumba akipeleka majani mabichi ya chai, yanapita kwenye mizani. Maziwa yake yanapimwa kwa lita. Viazi navyo, kelele za lumbesa zimepigwa miaka na miaka mpaka Wakala wa Vipimo wanafuatilia magunia. Lakini dume la ng'ombe, kitu cha bei kubwa kuliko vyote anavyouza mkulima huyo, linauzwa kwa macho. Dalali analizunguka mara mbili, analipapasa mgongo, anataja bei. Basi.

Rungwe ni wilaya ya ng'ombe wa maziwa wanaolishwa bandani. Jike linabaki, dume linanenepeshwa kwa matete na migomba, kisha linauzwa. Na linauzwa lini? Shule zikifunguliwa, au chuo kikidai ada na boom halijatoka. Yaani wengi wetu tunaosoma ukurasa huu tumesomeshwa na madume ambayo hakuna aliyeyapima. Muuzaji ana haraka, mnunuzi ana subira. Halafu nyama ya dume hilohilo ikifika buchani Tukuyu au Mbeya mjini, inauzwa kwa kilo! Katika safari nzima, aliyemfuga ndiye peke yake asiyejua uzito.

Mizani ya ng'ombe ni ghali, sawa. Kamba je? Msimamishe ng'ombe mahali tambarare, miguu sawa, kichwa kikiwa kawaida. Zungusha kamba kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, ikaze bila kumbana. Huo ni mzingo. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa makalio. Ipime kamba yako kwa futi ya fundi cherehani. Futi yenyewe kwa kawaida ina mita moja na nusu tu, haimzunguki dume kubwa. Zidisha mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu, vyote kwa sentimita, ugawe kwa 10,840. Unapata kilo. Ndiyo kanuni ya Schaeffer.

Mfano: mzingo 160, urefu 130. Kikokotoo cha simu kitakupa kama kilo 307. Dalali akisema "huyu hafiki 240", tofauti ni kilo 67 za ng'ombe hai. Nyama na mifupa yake ni karibu nusu ya uzito huo, kwa hiyo mzee anaambiwa aachie kilo thelathini na kitu za bucha bure. Hesabu mwenyewe hiyo ni hela ya matumizi ya chuo ya muda gani.

Wapo watakaosema kamba si mizani. Kweli kabisa. Ukikosea mzingo kwa sentimita 5 tu, 155 badala ya 160, unapoteza kilo 19 kwenye hesabu. Ng'ombe aliyetoka kula na kunywa ana uzito ambao si nyama. Mwenye mimba anadanganya, na kanuni hii haikutungwa kwa zebu wetu mwenye nundu. Kwa hiyo pima mara tatu, asubuhi kabla ya kulisha, uchukue wastani. Lakini jicho la dalali nalo linakosea, tena huwa linakosea upande mmoja: wake.

Na faida haiishii kwenye bei. Dawa za minyoo hutolewa kwa uzito. Sindano ya ivermectin ya asilimia 1 ni mililita 1 kwa kila kilo 50. Ukimkadiria dume wa kilo 300 kuwa 200, utampa 4 badala ya 6. Minyoo inabaki, na inayobaki ndiyo inayozoea dawa.

Sisi tunaokaa darasani tukipiga hesabu ngumu kuliko hii, tunarudi likizo na kumwangalia baba akibishana na dalali kwa hisia. Hapana jamani. Likizo hii beba kamba na futi. Mpime dume wa nyumbani, na wa jirani pia, andika namba ukutani bandani pamoja na tarehe. Hutamfukuza dalali, na wala si lengo. Naye anatafuta riziki. Ila safari hii mzee atakuwa na namba ya kuanzia mazungumzo, na dalali ndiye atakayelazimika kueleza ya kwake ameitoa wapi.