Sheria Isiwe ya Jirani Peke Yake



Yapo mambo matatu ambayo hayakosi kuzungumzwa kila zinapopendekezwa sheria ndogo katika miji yetu: taka, mbwa wasio na wenyewe, na kelele za usiku. Yakitajwa mapendekezo ya namna hii barazani baada ya sala ya Alasiri, katika miji kama Kilosa na Mikumi, mkoani Morogoro, utaona ajabu. Wakitajwa mbwa, wote huitikia kwa furaha: "Wauawe!" Zikitajwa kelele, watu hutazamana, na mmoja husema kwa hofu: "Hao wanataka kutufungia adhana." Ama zikitajwa taka, baraza zima hunyamaza, kila mtu akatazama viatu vyake, kwani hapana asiyejua uchafu wa nyumba yake humwagwa wapi.

Ukiyapima majibu hayo matatu utaona yametoka katika shina moja. Twaipenda sheria impatapo jirani, na twaichukia itupatapo sisi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu! Nasi twataka kusema waziwazi kwamba Mwislamu hana ruhusa ya kuichagua sheria vipande vipande namna hiyo. Na kwamba mambo hayo matatu, ukiyatazama vizuri, ni jambo moja tu, nalo ni haki ya jirani.

KILOSA SI MBALI

Huenda msomaji wa Tanga, Bagamoyo, Unguja au Mombasa akauliza: "Ya Kilosa yanatuhusu nini sisi watu wa pwani?" Yanatuhusu sana. Bonde la Mkondoa lilikuwa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji, na kwa njia hiyo lugha yetu na dini yetu zilifika bara. Ikaja reli ya kati, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme huchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa kupitia Kilosa. Mikumi nayo iko katika barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, kando ya Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, na barabara hiyo hukata katikati ya hifadhi kwa kadiri ya kilomita 50.

Basi hiyo ni miji ya njiani, na mji wa njiani hubeba uchafu wa wapitao. Ewe msafiri uliyetoka pwani, ile chupa uliyoitupa dirishani mwa basi, na lile ganda na ule mfuko, nani aliviokota? Aghalabu hakuviokota mtu. Viliokotwa na nyani na mbwa, na vilivyosalia vikachukuliwa na mvua hadi mtaroni.

TAKA NDIYO MAMA WA MAOVU HAYA

Watu wa Kilosa wanayajua maji. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010, mto Mkondoa ulifurika ukaingia mjini; maelfu ya watu wakakosa makao, na reli ikaharibika vibaya hata safari za treni zikasimama kwa miezi. Hatusemi kwamba mafuriko yale yaliletwa na takataka. Yaliletwa na mvua kubwa na kubomoka kwa kingo za mto. Lakini mwenye kuishi kando ya mto wa namna ile, kisha akaujaza mtaro wa mtaa wake maganda na chupa, huyo anayaziba maji njia yao na kuyaelekeza nyumbani kwa jirani. Na yakisimama, mbu huzaliwa hapo. Na yakichanganyika na maji ya chooni, kipindupindu hakiko mbali.

Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha kwamba imani ina matawi mengi, na tawi lililo dogo kabisa ni kuondoa njiani kitu cha kudhuru watu. Fikiri, ndugu yangu! Ikiwa kuokota mwiba ni imani, kumwaga uchafu njiani ni nini? Tena alituonya tusijisaidie mahali pa maji, wala katika njia ya watu, wala katika kivuli chao wanapopumzika, na akasema kwamba mambo hayo humletea mtu laana. Nasi baada ya maulidi na harusi zetu huacha uwanja umejaa sahani za plastiki na chupa, kisha twarudi nyumbani tukiwa na matumaini ya thawabu!

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar tangu mwaka 2006, na Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019. Mwaka 2015 sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba zilifutwa ili watu wafanye usafi, na baada yake Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ikawekwa kuwa siku ya usafi. Amri hazikukosekana. Kinachokosekana ni haya.

MBWA HAKUJA MWENYEWE

Sasa tuje kwa mbwa, ambao baraza limewahukumu kifo kabla ya kuwasikiliza. Nani aliyewaita mjini? Mbwa koko huishi kwa kula, na hula pale tunapomwaga: nyuma ya bucha, kando ya soko, mtaroni nyuma ya vibanda vya vyakula. Ukiwaua mbwa wote wa leo ukaliacha jaa pale pale, watakuja wengine. Sheria ya mbwa isiyoanza na taka ni sawa na kufagia maji bila ya kufunga bomba.

Khatari yao hatuikanushi. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikisha kumtokea mtu, karibu kila mara humwua. Inakadiriwa kwamba huua watu kadiri ya 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na miongoni mwa wanaoumwa na wanyama wenye kutiliwa shaka, 40 katika kila 100 ni watoto wasiotimia miaka 15. Kila mzazi ayashike haya: mtoto akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile akachomwe chanjo. Asingojewe hata kesho, wala asitiwe dawa ya kienyeji nyumbani.

Lakini dawa ya mji mzima ni ipi? Kisiwani Pemba ndugu zetu walichanjiwa mbwa wao, na kufikia mwaka 2014 kichaa kikatoweka. Mwaka 2016 kikaingia tena kutoka nje ya kisiwa. Mbwa wakachanjwa tena, na mwaka 2018 kikatoweka mara ya pili. Wataalamu husema kwamba wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Pemba ni kisiwa cha Waislamu, nacho kimepata salama kwa sindano.

Mfano mwingine ni wa huzuni. Mwaka 1910 wakuu wa mji wa Istanbul, uliokuwa makao ya Ukhalifa, waliwakusanya mbwa wa mitaani kwa maelfu, wakawatupa katika kisiwa kikavu cha Sivriada, kisicho na maji wala chakula, wakafa kwa njaa na kiu. Je, mji ulipona? La, hasha! Mwaka 2024, zaidi ya karne moja baadaye, Bunge la Uturuki lilikuwa bado likitunga sheria juu ya mbwa wa mitaani.

Najua atainuka mtu aseme: "Mtume aliamrisha mbwa wa Madina wauawe." Ndiyo, hadithi hiyo ipo, na katika hadithi hiyo hiyo imo habari kwamba baadaye aliwazuilia watu, akaruhusu mbwa wa kuwinda na wa kuchunga. Imamu Nawawi, ambaye sisi wafuasi wa Imamu Shafi huvitegemea vitabu vyake, ameeleza kwamba wanazuoni wameafikiana juu ya kuuawa mbwa kichaa na mwenye kuuma, na wamekhitilafiana juu ya asiye na madhara. Na akamtaja Imamu al-Haramayn aliyesema kwamba ile amri ya kwanza ilifutwa. Kwamba mate ya mbwa ni najisi katika madhehebu yetu, na chombo chake huoshwa mara saba, hiyo ni hukumu ya tohara. Haikufanywa kuwa hukumu ya kifo.

Kisha tukumbuke yule mtu aliyeteremka kisimani akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Tukumbuke na mbwa wa Watu wa Pangoni, ambaye Kurani yenyewe imemtaja. Na kule Kilosa mkulima hulinda shamba lake dhidi ya nguruwe mwitu na nyani kwa mbwa, na mfugaji hulinda ng'ombe wake kwa mbwa. Hao wamo ndani ya ruhusa ya sharia. Kwa hiyo mbwa mwenye mwenyewe achanjwe na afungwe usiku, na mwenyewe aulizwe akimwachia azurure. Asiye na mwenyewe ashughulikiwe na wataalamu wa mifugo, na kichaa auawe bila ya kuteswa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo yakataza ukatili.

KELELE ZAO NA KELELE ZETU

Tumefika penye kidonda. Sote twalalamikia baa za kando ya barabara zinazopiga muziki hadi alfajiri. Twalalamikia vigodoro na magari ya matangazo. Ni kweli, hayo ni maudhi. Mgonjwa hapati usingizi, mtoto wa shule huamka akisinzia, na dereva wa lori aliyelala saa mbili tu hushika usukani wa kupita katikati ya hifadhi. Zinyamazishwe!

Ama sisi je? Adhana ni dakika chache, nayo ni alama ya dini yetu. Hatutaki iguswe, wala sheria ya haki haitaigusa. Lakini hebu tuseme kweli mbele ya Mungu: ni adhana tu itokayo katika vipaza sauti vyetu? Hapana mawaidha ya saa mbili yaelekezwayo nje, na waliomo msikitini ni watu kumi? Hapana kaseti na kanda zinazofunguliwa saa tisa za usiku, hali jirani ana mzazi mgonjwa?

Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa katika itikafu msikitini, akawasikia watu wakisoma kwa sauti kubwa. Akafunua pazia akawaambia kwamba kila mmoja wao anazungumza na Mola wake, basi wasiudhiane wala wasipandishiane sauti katika kusoma. Ikiwa hivyo ndivyo kwa wasomao Kurani wao kwa wao ndani ya msikiti, itakuwaje kwa jirani aliyelala kwake? Na mwezi wa Mei 2021 Wizara ya Mambo ya Kiislamu ya Saudi Arabia iliamuru vipaza sauti vya nje ya misikiti vitumike kwa adhana na ikama tu, na sauti isipite theluthi moja ya nguvu ya chombo. Hapana aliyesema kwamba Saudia wamefungia adhana.

Tukitangulia sisi kujizuia, ndipo tutakuwa na uso wa kumwambia mwenye baa anyamaze, na mwenye kanisa la mkesha apunguze. Tusipojizuia, watatuambia: nyani haoni kundule.

NA HALMASHAURI NAYO?

Wala asidhani mtu kwamba twawabebesha wananchi peke yao. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeziwekea serikali za mitaa wajibu wa kushughulikia taka. Sheria ndogo inayotoza faini mahali pasipo na ghuba la taka wala gari la kuzizoa ni mtego. Atakayenaswa ni mama anayekaanga samaki kwa sinia moja, na mwenye hoteli kubwa atapita pembeni. Hapo sheria imegeuka kuwa chanzo cha mapato, na watu wataidharau, nao watakuwa na haki.

Tena wananchi hawakufungwa midomo. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, halmashauri ikitaka kutunga sheria ndogo hutakiwa kuwatangazia wakazi na kupokea pingamizi zao, wala sheria haianzi kazi mpaka Waziri aipitishe. Basi tuhudhurie mikutano! Tusingoje sheria ipite, kisha tukae barazani kunung'unika. Tuseme pale mambo manne. Kwanza, ghuba na gari vitangulie faini. Pili, siku za kuchanja mbwa zitangulie bunduki na sumu. Tatu, saa za kunyamaza ziandikwe wazi, ziwe moja kwa baa, harusi, kampeni, kanisa na msikiti. Nne, hesabu ya faini zilizokusanywa isomwe mbele ya watu.

Usimamizi wa soko na njia si mgeni kwetu. Katika miji ya Kiislamu ya zamani alikuwapo muhtasibu, aliyekagua mizani na njia za watu, na al-Mawardi aliyefariki mwaka 1058 aliandika mlango mzima juu ya kazi hiyo. Muhtasibu hakuulizwa ni ya nani takataka hii kabla ya kuamrisha iondolewe.

Mtume (s.a.w.) ameapa kwamba hana imani yule ambaye jirani yake hasalimiki na shari yake. Hakusema jirani Mwislamu tu. Basi kabla ya kuulizana nani auawe na nani afungiwe, kila mmoja wetu usiku huu na atoke nje, atazame mtaro ulio mbele ya mlango wake, asikilize sauti inayotoka nyumbani kwake, kisha ajihukumu mwenyewe.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuwa majirani wema. Amin.