Kenge amshindaye nyati

Kenge unamjua. Ndiye yule azururaye kando ya mito na Ziwa Victoria akiiba mayai ya mamba, na ambaye watu wa mashambani humrushia mawe anaponyemelea vifaranga. Sasa mfikirie jamaa yake mwenye urefu wa mita 3, ambaye kitoweo chake ni kulungu, nguruwe mwitu na hata nyati!

Huyo ni Komodo, apatikanaye katika visiwa vichache tu vya Indonesia, vikiwemo Komodo chenyewe, Rinca na Flores. Wageni humwita joka, lakini ni kenge hasa, mkubwa kuliko mijusi yote duniani. Hunusa kwa ulimi wake wenye panda, na hutambua mzoga ulio kilomita kadhaa.

Kwa miaka mingi ilisemekana kwamba kinywa chake ni kichafu mno, hata mnyama aliyeumwa hufa kwa viini vilivyomo kwenye mate. Huenda nawe umewahi kusimuliwa hivyo. Lakini mwaka 2009 wanasayansi wakiongozwa na Bryan Fry wa Australia walionyesha kwamba taya lake la chini lina tezi za sumu. Sumu hiyo huzuia damu kuganda na kushusha presha ya mnyama. Meno yaliyochongoka kama msumeno yakishapasua nyama, damu hububujika bila kukoma. Na nyati je? Fry aeleza kwamba nyati hao, walioletwa visiwani na binadamu, wakijeruhiwa hukimbilia madimbwi yaliyojaa kinyesi chao wenyewe, na jeraha huozea humo. Kumbe uchafu ulikuwa wa maji, naye Komodo akasingiziwa!

Binadamu naye hasazwi. Mwaka 2007 mvulana wa miaka 8 aliuawa katika kisiwa cha Komodo. Hata hivyo wenyeji hawamchukii. Wao humwita ora, na masimulizi yao yanasema kuwa mama mmoja alijifungua pacha, mmoja mtu na mwingine ora. Kwa hivyo ni ndugu, ingawa nyumba zao wamezijenga juu ya nguzo.

Hata watoto wake hawamwamini. Wakianguliwa tu hukwea miti na kuishi huko miaka yao ya kwanza, maana wakubwa huwala.

Mwaka 2021 shirika la IUCN lilimtia Komodo katika orodha ya wanyama walio hatarini kuangamia. Joto la dunia linapandisha maji ya bahari, na yeye hana kwingine pa kwenda ila vile visiwa vyake.