Jibu Sahihi, Ufahamu Hakuna

Wanaotaka Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia masomo ya sekondari nchini Tanzania wana hoja, na hoja hizo zinastahili kujibiwa. Mmezisikia bungeni, redioni na kwenye vikao vya wazazi. Nazileta hapa kwa nguvu zake zote, kisha nazipima. Ninyi wasomaji ndio mahakimu. Msiniamini kwa sababu ya ukali wa maneno. Angalieni ushahidi unaelemea upande gani.

Hoja ya kwanza inatoka kwenye karatasi ya mtihani. Wanasema: kijana wa kidato cha nne anapewa habari ya Kiingereza kuhusu ukataji wa misitu, simu za mkononi au vijana wanaokimbilia mjini. Anaulizwa maswali ya ufahamu, anajibu, anapata alama. Basi ameielewa lugha, na juu yake amejifunza jambo kuhusu jamii, mazingira na teknolojia.

Tuijaribu hoja hiyo kwa lugha yetu wenyewe. Soma sentensi hii: "Wabagusi walipepura michevu yote ya Kilondwe kwa sababu mirudho ilikuwa haina tungusu." Nani walipepura michevu? Wabagusi. Ya wapi? Ya Kilondwe. Kwa nini? Kwa sababu mirudho ilikuwa haina tungusu. Umepata tatu kwa tatu, na hukuelewa kitu, kwa kuwa maneno hayo nimeyabuni na hayana maana yoyote. Kilichokusaidia ni sarufi tu: unajua mtendaji hukaa wapi na sababu huanzia wapi. Mwanafunzi wetu hufanya vivyo hivyo kwa Kiingereza. Huchukua neno lililo kwenye swali, hulitafuta ndani ya habari, kisha hunakili sentensi iliyolibeba. Walimu wanalijua jambo hili, na wapo wanaolifundisha waziwazi kama mbinu ya kufaulu.

Watetezi watasema mtihani una maswali mengine pia: ya kueleza kwa maneno yako, ya kufikia hitimisho, ya kuandika muhtasari. Ni kweli, na hapo wamenisaidia. Maswali hayo ndiyo humtenga aliyeelewa na aliyenakili. Anayetaka kuutumia mtihani kama ushahidi wa ufahamu atuletee alama za maswali hayo peke yake, asituletee jumla. Na akitaka kipimo kikali zaidi, amwulize kijana yuleyule kwa Kiswahili: misitu ya milima ya Uluguru ikiisha, Mto Ruvu utakuwaje, na mkazi wa Dar es Salaam anayekunywa maji ya mto huo atapata nini? Aliyeielewa habari ya misitu atajibu. Aliyenakili atakaa kimya, ingawa kwenye karatasi yake kuna alama nyekundu za vema kuanzia juu mpaka chini.

Hoja ya pili ndiyo mhimili wa upande wao. Lugha, wanasema, hujifunzwa kwa kutumiwa. Kijana akisoma baiolojia, jiografia, historia na fizikia kwa Kiingereza, anapata saa nyingi za Kiingereza kuliko akikisoma kama somo moja. Ukibadili lugha ya kufundishia unamwibia saa hizo, na Kiingereza chake kitakufa.

Hoja hii ingekuwa na uzito kama saa hizo zingekuwepo. Mwulize mtetezi huyohuyo: mwanafunzi asipoelewa, mwalimu afanye nini? Atakujibu bila kusita kwamba mwalimu atafafanua kwa Kiswahili, jambo ambalo shule nyingi hulifanya. Tazameni hapo mgongano ulivyo. Kama mwalimu anafafanua kwa Kiswahili, basi kipindi cha baiolojia si saa ya Kiingereza. Kama ni saa ya Kiingereza, basi asiyeelewa anaachwa hivyo hivyo. Hawawezi kuhesabu dakika zilezile arobaini mara mbili, mara moja kama mazoezi ya lugha na mara ya pili kama uelewa wa somo. Kinachobaki cha Kiingereza katika kipindi kama hicho ni notisi za ubaoni. Mwanafunzi huzinakili, huzikariri, kisha huzirudisha kwenye mtihani kama zilivyokuja. Kukariri aya usiyoielewa hakumfundishi mtu kusoma.

Na haya si mapya. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima usomaji wa Kiingereza katika shule zetu. Waliona kwamba ni takriban asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne waliofikia kiwango ambacho mtu angetarajia elimu kwa Kiingereza ianzie. Sikilizeni vizuri: kiwango cha kuanzia, na hao walikuwa wanamaliza. Baada ya kuandika hayo, ripoti hiyohiyo ikapendekeza Kiingereza kiendelee, mradi kiimarishwe. Ukaja mradi wa kukiimarisha, wenye vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa kwa madaraja, ukamalizika. Tangu hapo tumekuwa tukisikia maneno mawili kutoka kwa watu walewale: kwamba kiwango cha Kiingereza kinashuka, na kwamba dawa ni kuendelea na utaratibu ambao chini yake kimeshuka. Maneno hayo mawili hayawezi kukaa pamoja katika kichwa kinachotaka ukweli.

Tuongeze suala la muda. Jim Cummins, aliyechunguza watoto wa wahamiaji nchini Kanada, alieleza kwamba lugha ya mazungumzo huweza kupatikana kwa miaka kama miwili, lakini lugha ya kujifunzia masomo huhitaji mitano hadi saba. Watoto hao walizungukwa na Kiingereza uwanjani, dukani na kwenye televisheni. Mtoto wetu, aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali, hupewa kozi ya wiki chache anapoingia kidato cha kwanza, kisha anafunguliwa kitabu cha kemia.

Je, kuna njia nyingine iliyothibitika? Ipo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi 250 vya kuvutia katika shule za vijijini za Fiji, ambako watoto walijifunza Kiingereza kama lugha ya pili. Katika miezi isiyofika mwaka, watoto hao walipiga hatua katika kusoma kwa kasi iliyokaribia mara mbili ya wenzao. Hakuna aliyewalazimisha kukariri notisi. Walisoma vitu walivyovielewa na kuvipenda, kwa wingi. Shule ngapi za kata zina vitabu vya Kiingereza 250 ambavyo mtoto anaweza kuvisoma kwa raha? Anayekipenda Kiingereza kweli aanze na swali hilo.

Hoja ya tatu: sayansi na teknolojia ziko kwa Kiingereza, kwa hiyo kuzifundisha kwa Kiswahili ni kumfungia kijana mlango wa dunia. Hapa mambo mawili yamechanganywa, kujifunza jambo kwa mara ya kwanza na kusoma zaidi juu ya jambo unalolijua. Mhandisi wa Korea Kusini au Finland husoma makala za Kiingereza kila siku, na fizikia yake ya sekondari aliisoma kwa lugha yake. Tena utafiti wa usomaji unakwenda kinyume kabisa na hoja hii. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi wa Marekani habari ya mchezo wa besiboli. Waliokuwa wasomaji dhaifu lakini wanaoujua mchezo waliielewa kuliko wasomaji hodari wasioujua. Maarifa hutangulia, ufahamu hufuata. Kijana wa Mwanza aliyefundishwa kwa Kiswahili, akaelewa barabara jinsi gugumaji linavyofunika Ziwa Victoria, linavyozuia mwanga na kunyima samaki hewa, atakapokutana na habari ya Kiingereza juu ya mimea vamizi atakisia maneno asiyoyajua, na mengi atayapatia. Vilevile anayeelewa kwa nini mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Aliyekariri sura ya uchafuzi wa mazingira bila kuielewa hana cha kukisia nacho. Yaani utaratibu wanaoutetea kwa jina la ufahamu wa Kiingereza unabomoa msingi ambao ufahamu wa Kiingereza husimama juu yake.

Ushahidi wa nyumbani nao upo. Halima Mwinsheikhe katika baiolojia na Mwajuma Vuzo katika jiografia walilinganisha wanafunzi wa sekondari waliofundishwa kwa Kiswahili na waliofundishwa kwa Kiingereza. Wa Kiswahili walifanya vizuri zaidi. Sijasikia upande wa pili ukijibu tafiti hizo kwa tafiti, nimesikia zikipuuzwa.

Kuhusu istilahi sitachelewa. Wanasema Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Kamusi ya biolojia, fizikia na kemia ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoka mwaka 1990, ya tiba ikafuata, na sayansi ya shule za msingi imefundishwa kwa Kiswahili kwa zaidi ya nusu karne. Neno lisilotumiwa darasani haliwezi kuzoeleka, na wanaozuia lisitumiwe hawana haki ya kulalamika kwamba halijazoeleka.

Wengine husema kosa ni kuchelewa, tuanze Kiingereza darasa la kwanza. Malaysia ilijaribu: mwaka 2003 ilianza kufundisha hisabati na sayansi kwa Kiingereza, hata katika mwaka wa kwanza wa shule ya msingi. Mwaka 2009 serikali yake ikatangaza kuachana na sera hiyo, na miongoni mwa sababu ilikuwa watoto wa vijijini kuachwa nyuma. Baadaye iliruhusu shule zinazotaka na zenye uwezo zitumie lugha zote mbili. Malaysia ina pesa na walimu kutuzidi.

Nafika kwenye hoja nzito, ambayo huniumiza kwa sababu wanaoitoa mara nyingi ni wazazi maskini wanaosema kweli tupu. Wanasema: watoto wa wenye nacho wako kwenye shule za mchepuo wa Kiingereza tangu awali. Mkiondoa Kiingereza katika sekondari za serikali, mtakuwa mmeuacha ufunguo mikononi mwa matajiri. Hofu hiyo ni halali. Lakini ni nani hufaulu leo, somo la historia linapopimwa kwa Kiingereza? Ni yule aliyelipiwa ada na tuisheni. Mtoto wa maskini anaanguka historia, anaanguka jiografia, anaanguka baiolojia, si kwa kuwa hazijui, bali kwa kuwa kila karatasi ni mtihani wa Kiingereza kabla ya kuwa mtihani wa kitu kingine. Hakuna anayependekeza kumnyima Kiingereza. Kinachopendekezwa ni kwamba kifundishwe kama somo, kila siku, na mwalimu anayekijua, kwa vitabu vya kutosha, na asipokipata asipoteze masomo mengine pamoja nacho.

Mwisho wanasema haiwezekani, gharama ni kubwa, vitabu vyote itabidi viandikwe upya. Tume ya elimu iliyojulikana kama Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari ianze kutumia Kiswahili kuanzia 1985, na serikali ikakataa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitumike ngazi zote, na sekondari ikabaki ilivyokuwa. Mara nyingi gharama imetajwa. Kisha Januari 2024 utekelezaji wa mitaala mipya ukaanza, na mitaala mipya hutaka vitabu vipya. Waandishi, wahariri na wachapaji wanalipwa kuviandaa, na vingi vya sekondari vinaandikwa kwa Kiingereza. Basi wanaotaja gharama watueleze ni shilingi ngapi za ziada zingehitajika ili vitabu hivyohivyo, vinavyoandikwa upya kwa vyovyote vile, viandikwe kwa lugha ambayo mtoto wa kidato cha kwanza anaielewa.